Giaboksi Iliyofunguliwa Mara Mbili

Mdogo wangu mpendwa, Bibi Sindano,

Amani ya Mola na rehema zake zikushukie wewe na kila aliye chini ya paa lako. Natumai waraka huu utakukuta umetulia, na kwamba lile goti lililokuwa likikunyima usingizi limekwisha kusikia dawa. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri uzee unavyomruhusu mtu kujiita mzima. Asubuhi kuna baridi, na birika letu jipya halihifadhi moto: nikitawadha, mkono wa kulia hupata maji ya moto, nikifika wa kushoto yamekwisha kuwa vuguvugu. Wifi yako anakusalimu sana. Macho yake yanaendelea kutibiwa, nami humpeleka hospitali kila wiki kwa lile gari letu kuukuu. Siku hizi hata kanzu zangu hunipigia pasi yeye, kazi ambayo tangu tuoane sikumwachia mtu. Nimeyachukulia kuwa ni mahaba ya uzeeni, nikanyamaza nisije nikayafukuza.

Linaloniandikisha ni hilo gari. Najua utacheka kusikia kwamba kaka yako, aliyeumaliza ujana wake kwenye vitabu vya sarufi na sheria ya dini, sasa anakuletea habari za giaboksi. Cheka, lakini soma hadi mwisho.

Kwa miezi kadhaa stiki ya gia ilikuwa imepoteza ladha. Sina neno jingine. Zamani nikitia gia ya pili niliisikia ikikaa mahali pake, kama kufuli linapoukubali ufunguo. Taratibu ikawa kama fimbo ndani ya tope: unasukuma, inakwenda, lakini haikuambii imefika wapi.

Nikalipeleka gari kwa Fundi Kimya. Usidanganyike na jina. Alipewa na wenzake wa gereji kwa kejeli, maana mtu yule huongea hata akiwa ameuma spana mdomoni. Akaitikisa stiki, akacheka, akasema inatembea kama mlevi anayesindikizwa: haianguki, lakini nyumbani haikujui. Dawa yake, akasema, ni kuishusha giaboksi nzima na kuifungua. Nikakubali kwa sharti kwamba nami niwepo. Akauliza kama nachunga asiibe nati. Nikamjibu kwamba nimekiendesha chuma hiki umri wote wa binti yangu bila kulijua tumbo lake, na kutokijua kitu unachokitegemea kila siku ni namna ya utovu wa shukrani.

Basi gari likainuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye vyuma. Oili ikamwagwa katika beseni, nyeusi, na ndani yake chembe zikimeremeta kama vumbi la fedha. Fundi akafungua shafti, kisha boliti zinazoishikiza giaboksi kwenye injini, tukaishusha kwa mikono minne kama nyinyi wauguzi mnavyomhamisha mgonjwa kitanda. Nikatandika mkeka wa zamani, nikaomba kila kitakachotoka kipangwe kwa zamu ya kutoka kwake, kuanzia kulia. Fundi akasema miaka yote ya kazi hajaona giaboksi ikiswaliwa. Nikamwambia apunguze maneno, aongeze utaratibu.

Laiti ungeona ndani yake! Stiki haigusi gia hata moja. Inasukuma vyuma vyembamba vyenye umbo la uma, navyo ndivyo vinavyosogeza pete za kuunganisha gia. Na katika kila njia ya vyuma hivyo pana gololi ndogo kuliko punje ya hindi, inayobanwa na springi, ikifika mahali pake inaangukia katika kishimo. Hiyo gololi ndiyo ile ladha! Yote niliyokuwa nikiyahisi mkononi miaka yote, kule gia "kukubali", ni gololi ikianguka shimoni. Nilikaa kitambo nikimsifu Mola aliyempa mwanadamu akili ya kutunga jambo kama hilo, hata fundi akaniuliza kama nimesinzia.

Maradhi yakaonekana. Springi zilikuwa zimelegea, na bushi, ile pete ya plastiki inayolishika tako la stiki, imelika mpaka imebaki kama kipande cha sabuni ya mwisho. Mchonga vyuma akatuchongea bushi ya shaba. Springi mpya zikatiwa, grisi ikapakwa, stiki ikakatwa kidogo ili mwendo wake uwe mfupi, na kila kitu kikarudi kwa zamu ya mkeka, cha mwisho kutoka kikawa cha kwanza kuingia.

Fundi akalijaribu gari barabarani, akarudi akipiga honi. Binti yangu, ambaye wewe shangazi yake unamjua hasifu kitu bure, akalizungusha mitaani, akasema, "Baba, gia zinaingia kama zimeitwa." Nikaketi mimi. Mdogo wangu, kwangu ilikuwa tope lile lile.

Nikamwamuru fundi afungue tena. Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Akasema jirani yake dereva wa teksi amekwisha kumwomba amfanyie vivyo hivyo, na kwamba mimi nadhani chuma nacho kina madhehebu. Nikashikilia. Akafungua, akiinung'unikia kila boliti, na hatukuona kosa. Ndipo, ili anikate kauli, akaniambia nifumbe macho na kukunjua viganja vyote viwili. Angenitilia bushi kuukuu upande mmoja na gololi upande wa pili, niseme kipi kiko wapi, kisha tusigombane tena.

Nikafumba. Kiganja cha kulia kikapokea kitu chepesi, kilicholika. Nikasema hii ni bushi. Nikangoja. Nikamwambia aache mzaha, aweke na gololi. Hakujibu. Nikamwambia mtu mzima hafanyiwi mchezo. Kimya. Nilipofumbua macho, gololi ilikuwa inang'aa katika kiganja changu cha kushoto, na Fundi Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amelistahili jina lake.

Mambo yakaanza kujipanga kama vile vyuma juu ya mkeka. Birika langu halina kosa. Maji hayapoi kati ya mkono na mkono, na mkono wa gia ni huo huo wa kushoto.

Sasa nakuambia nililokuwa nikilizunguka. Baada ya siku hiyo nilimpeleka tena wifi yako hospitali, mimi mwenyewe, nikijua. Nilijidanganya kwamba macho yatafanya kazi ya mkono. Kwenye makutano ya barabara nilitaka gia ya kwanza nikatia ya tatu, gari likazima mbele ya lori. Dereva wake alitutukana hadi akaishiwa. Wifi yako akasema labda fundi hakufunga vizuri, nami nikamwacha mtu asiye na hatia abebe lawama yangu. Adhuhuri ile nilisimama kuswali, na moyo ukanisuta hata nikasahau niko rakaa ya ngapi. Nilipotoa salamu nikamwita nikamweleza yote.

Hakushtuka. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akanionyesha ubavuni mwa kidole cha mwisho, mahali ambapo mtu hajitazami, kovu refu la ukingo wa pasi. Sikumbuki kuungua. Yeye mwenye macho ya kutibiwa ndiye aliyeliona, tangu lilipokuwa jeraha, ndiyo maana akaninyang'anya pasi. Akasema kila tulipopanda gari alisoma dua mbili, moja ya safari na moja ya mkono wangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata akamsingizia fundi. Akajibu kwamba nilikuwa nimeanza kuufungua ule mtambo, akajisemea, mwache afungue vyuma vyote, vikiisha atajifikia mwenyewe. Lakini lile lori, akasema, lilimtisha, na jioni ile angenena. Nimemtangulia kwa saa chache tu.

Ufunguo anao binti yangu. Fundi nimemwomba radhi, amenisamehe, na siku ya hospitali alituendesha yeye, wala hakufunga mdomo tangu kizingiti hadi kizingiti. Nilikaa nyuma. Na wajua, kila alipotia gia niliisikia gololi ikianguka, kwa sikio, wazi kabisa.

Nami nina maswali, maana wewe umeufungua mwili wa mwanadamu kama sisi tulivyofungua chuma. Kati ya kidole na moyo hisia hupita njia gani? Yangu imekwama wapi, mkononi au shingoni? Kuna springi iliyolegea inayoweza kubadilishwa, au ni bushi iliyokwisha? Nitalipokea jibu lolote, ila nisifichwe. Njoo na ile pini uliyokuwa ukiwachoma nayo wagonjwa nyayo, ukiwauliza, "Hapa je?" Uanzie kulia, utaratibu ni utaratibu.

Wasalimie watoto wote, mtuombee nasi tuwaombee. Mola alitunze goti lako hadi utakapoufikia mlango wetu, na chumba chako kimefagiliwa.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu