Uzito Wangu Tangu Harusi Yako

Dada yangu,

Shikamoo. Huku watoto wanakusalimu, na paa halivuji tena.

Nilikwambia bosi kaanzisha mashindano ya kupunguza uzito, idara kwa idara, na mimi ndiye mpimaji wa kila Jumatatu. Basi nimekoma! Wiki ya sita sasa, na kila mtu anazidi kunenepa. Mhasibu kaacha hata sukari kwenye chai, lakini mizani inamwongezea kilo. Wiki iliyopita akanifokea mbele za watu, "Mizani hii umeiazima buchani?"

Iliniuma, maana mizani naitunza kama mboni ya jicho. Kabla ya kuita watu napanda mwenyewe, kwa kuwa mimi sishindani, na uzito wangu ni kilo sabini na nane tangu harusi yako. Ikionyesha pungufu, nazungusha kile kigurudumu cha pembeni mpaka isome sabini na nane.

Leo dereva kaleta mfuko mpya wa saruji, kilo hamsini kamili. Mizani ikasoma hamsini na sita. Watu wakacheka mpaka basi. Tukairekebisha kwa ule mfuko, kisha nikapanda. Sabini na mbili.

Sielewi, Dada. Nakula kama kawaida. Mkanda niliutoboa tundu jipya nikidhani ngozi imevutika tu. Wenzangu wamenipigia makofi, eti mshindi ni mimi.

Wewe ndiye uliyemuuguza baba. Yeye alianzaje?

Mdogo wako.