Yuniti Moja ya Stima kwa Elektronivolti

Kwako Mama,

Naendelea kukuita hivyo kwa sababu una jina la mama yangu, na mimi sijawahi kuwa jasiri wa kumwita mama yangu kwa jina. Wenzako huko Ujerumani wakishangaa mzee mwenye mvi ana Mama wa rika lao, waache washangae.

Jana kwenye simu sauti yako ilikuwa chini. Ulisema wiki ijayo unatetea utafiti wako mbele ya maprofesa, na ukikaa kati yao unajiona kitu kidogo sana, hadi umefikiria kuwaomba waahirishe. Nami, kwa busara yangu yote, nikakuuliza kama umekula. Jibu lenyewe ndilo hili.

Unakumbuka jioni ile hapa mtaani Jamhuri, ukiwa kidato cha nne? Swali lilitaka yuniti moja ya stima igeuzwe iwe elektronivolti, kile kipimo cha nishati ambayo elektroni moja hupata ikisukumwa na volti moja. Nikakunyang'anya kalamu. Mtu anayepima nafaka kwa mkebe wa gorogoro dukani kwake pale Adams kila siku atashindwa na vipimo? Yuniti kuwa jouli nilipatia: milioni tatu na laki sita. Kutoka hapo, mahali pa kugawanya nikazidisha, kisha nikalipigia jibu mistari miwili chini.

Ulicheka mpaka ukashika meza.

"Ai, baba! Yaani yuniti nzima haifikishi hata elektronivolti moja? Basi elektroni moja tu ingechemsha chai ya Jamhuri yote!"

"Si ndiyo uzuri? Tokeni za stima hazitaisha."

"Baba, gunia la mahindi ni gorogoro ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Na punje?"

"Mama, nani anahesabu punje?"

"Haya basi. Kipimo kikiwa kidogo, nambari inapanda. Jiulize hiyo kwanza, ndiyo ushike kalamu."

Ulinifundisha kwa magunia yangu mwenyewe, na sijapona. Wateja wamenichoka. Mtu amekuja kununua maharagwe, namwambia binti yangu anapima mwanga chembe kwa chembe, kila chembe elektronivolti mbili hivi, aone kioo cha sola kitashika ngapi. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa mbili hizo zinasaidia nini?" Nikamtoa nje, nikamwonyesha paneli iliyo juu ya paa la kinyozi. Mashine zote za kinyozi huyo zinakula hizo mbili mbili. Mama huyo akaangalia, akasema, "Kumbe." Nilitembea siku nzima kama niliyeitengeneza mimi.

Kwa hivyo usiahirishe, Mama. Saa unayosimama mbele yao, mimi nitakuwa nachemsha lita moja ya maji ya chai jikoni. Nimepiga hesabu yake peke yangu: kutoka maji ya mfereji hadi yachemke, ni kama mbili ikifuatwa na sufuri ishirini na nne, kwa elektronivolti. Safari hii niligawanya. Kama nimekosea tena, simama uwaeleze maprofesa, halafu unipigie unicheke. Chai itakuwa bado moto.

Ni mimi baba yako, ambaye kwa jina ulilobeba ni mwanao.