Pembe ya Kuumikia ya Mama

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Ikinga tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeuliza kama pembe ya kuumikia, ya kunyonyea damu ya wagonjwa, uliyoiona makumbusho huko ni ya mama yangu.

Enzi za Mwingereza, mzungu mmoja alipita akikusanya zana za waganga. Mama alihofu kwamba damu ya wagonjwa iliyokauka ndani ya pembe yake ingetumiwa kuwadhuru. Akampa pembe mpya, aliyoitia moshi jikoni ionekane kuukuu.

"Mbona hapa pa kunyonyea hapana alama za meno?" mzungu akauliza.

Mama akaziba mdomo kwa kanga. "Meno yaliisha zamani, bwana."

Alikuwa nayo yote.

Hiyo ya makumbusho haijamgusa mgonjwa. Yake ninayo mimi. Njoo uione, lakini uje peke yako.

Babu yako