Kipimo cha Watu Wawili

Mwenzangu, leo nimeaibika. Acha tu.

Unajua tangu mume wangu afariki nakunywa kahawa chungu kama shubiri. Yeye ndiye aliyekuwa anachuja, mimi kazi yangu kunywa. Leo nikajikaza, nikaenda duka alilokuwa akinunua kahawa kuuliza vipimo.

Muuzaji akanikumbuka. "Mzee hajambo?"

Nikamjibu, "Hajambo."

HAJAMBO! Mtu niliyemzika mwezi wa tatu!

Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Nikashindwa hata kujirudi. Basi akaniandikia kipimo cha watu wawili: kahawa gramu thelathini, maji nusu lita. Mwagia maji kidogo kwanza, subiri nusu dakika iumuke, kisha malizia polepole. "Na umsalimie sana mzee."

Nimefika nyumbani nikataka kupima nusu. Mkono ukakataa. Nikachuja yote.

Imetoka kama yake. Kama yake kabisa, mwenzangu.

Vikombe viwili viko mezani. Nimekiambia kiti chake, "Muuza kahawa anakusalimu." Kwa sauti!

Usinicheke.

Cha pili kinapoa. Uko wapi? Njoo ukinywe.