Paa Aliyeanguka Juu ya Bafta ya Shangazi

Bagamoyo, tarehe 9 Mfunguo Tano, mwaka 1302 wa Hijria

Kwa Mama yangu mpenzi, Pangani.

Nashika miguu. Sisi tu wazima; je, homa ya Bibi imepungua? Nimeapa kukueleza yote, hata yanayonitia makosani, kabla maneno ya Shangazi hayajakufikia.

Juzi alikuja Mhindi mmoja kutoka Unguja na taa ya picha. Ni taa iliyomo ndani ya sanduku la bati. Mbele yake hupitishwa vioo vilivyochorwa, na picha huangukia ukutani, kubwa kama mtu. Shangazi akamkaribisha baada ya adhuhuri, madirisha yakafungwa, watoto wa jirani wakajaa. Lakini ukuta wetu una mashimo, picha zikatoka kama zina ndui. Nami kwa kujifanya mwerevu nikasema, "Shangazi, ile bafta iliyomo kashani ni nyeupe." Akaitoa, ile aliyojiwekea iwe sanda yake, tukaitundika ukutani.

Nilisahau kuwa mdogo wangu Tatu anaijua. Kila inapoanikwa juani, Shangazi humwambia, "Hii ndiyo nguo yangu ya mwisho."

Tukaona paa na mwanawe wakinywa maji. Kisha mwindaji. Kisha paa mama amelala chini, juu ya bafta ile. Tatu akapiga ukelele: "Ametiwa sandani! Mtoeni!" Akaivuta nguo kwa mikono yenye mafuta ya vitumbua, ikaanguka na kuchanika.

Watoto wakamzomea, "Tatu analilia kivuli!" Na Shangazi: "We mtoto, umenichania sanda ningali hai! Wataka nizikwe na viraka?" Mhindi akafunga sanduku lake. Kioo cha mwisho hatukukiona.

Tangu siku hiyo Tatu hali vizuri. "Dada, yule mtoto wa paa, nani anamlisha?"

"Ni rangi tu kwenye kioo."

"Najua ni rangi. Nani anamlisha?"

Nimechoka, Mama. Nimemfokea mpaka nikaona haya. Wakubwa wanasema ana machozi ya bure, na Shangazi mwenyewe hulia kila akisomewa maulidi, wala hachekwi! Nimemwendea Mhindi kumwuliza kioo cha mwisho kina nini. Akajibu, "Mtoto wa paa, peke yake." Nitamwambiaje Tatu hayo? Na kusema uongo sikufundishwa.

Sasa Shangazi ataka Tatu arudishwe Pangani mwezi ukiandama, nami nimpeleke. Nimebakiza juzuu tatu tu nihitimu, na mwalimu wangu ameniahidi kuwa nitasoma mbele ya wanawake wote wa mtaa. Nikiondoka sasa, sijui kama nitarudi. Bafta nimeishona kwa uzi mwembamba kabisa. Shangazi aliutazama mshono, akairudisha kashani. Hilo nimelishika kama tumaini.

Nisalimie Bibi mgonjwa, mjomba achongaye milango, na mkewe aliyenifunza kushona. Mwambie ushoni wake umenifaa.

Leo asubuhi Tatu hakutaja paa. Alihesabu miezi kwa vidole, akafika Mfunguo Sita, mwezi uliotuahidi kuja kutuona, akanitazama. Basi mimi mwanao, Mwanaasha, nakuomba unijibu kwa huyuhuyu aletaye barua: nimwambie unakuja?