Tezi Safi, Ndizi Darini

Uru, Jumanne

Nimechoka kupongezwa.

Leo daktari amenisomea majibu ya upasuaji. Kansa ya utumbo mpana imekatwa yote, na tezi alizotoa pembeni yake kupima kama imesambaa ni safi. Nikapumua. Halafu akaongeza kwamba tezi zilizopatikana ni chache mno.

"Kwa hizo chache siwezi kukuhakikishia kwamba haijasambaa. Bora tuanze dawa za kansa za dripu."

Mama mkwe alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Alisikia neno "safi" tu.

Kabla hatujatoka Moshi alishapiga simu mikungu ikatwe. Sasa ndizi za kupikia mbege, pombe yetu, zimepangwa darini ziive, ulezi umelowekwa uote, na majirani wamealikwa kwenye shukrani.

"Utaonja wa kwanza wewe, mwanangu. Umepona."

Angekuwa mdogo wangu ningemfokea. Nikasema, "Asante, mama." Mume wangu akainamisha macho. Anajua habari ya dripu, ila anataka mimi ndiye nimwambie mama yake.

Lakini ndizi zikishakatwa hazirudi mgombani. Mbege itakuwa tayari wiki ileile ya dripu ya kwanza. Nitashika kata, nitaonja, nitacheka nao. Kesho yake nitashuka Moshi.