Usiguse Hata Kijiko

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Mimi sijambo ya kusema tu. Kichwa kizima, tumbo zima, mdomo ndio usiseme. Ugonjwa wote umehamia kwenye viungo.

Uliuliza hali ya vidole. Asubuhi naamka ngumi zimejifunga, na hazifunguki mpaka nizilowanishe kwenye maji ya moto, na hapo jua limeshapanda. Magoti nayo yanalia nikishuka ngazi mpaka majirani wanajua natoka. Zahanati wamesema ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unavipiga vita viungo vyake wenyewe. Wamenipa vidonge, wakanionyesha namna ya kunyoosha vidole juu ya meza kimoja kimoja, wakasema niwe mvumilivu kwa sababu dawa inachukua miezi kuonekana kazi yake. Subira yavuta heri, lakini hii yangu inavuta kwa kamba ndefu mno.

Kazini bado napiga pasi. Tuko wawili meza moja, mimi na rafiki yangu tunayemwita Kimya, kwa kuwa akiambiwa jambo habishi wala haulizi, analifanya tu. Magoti yake yana hali kama yangu. Siku hizi bosi wetu wa udobi anasimama nyuma yangu nikikunja mashati. Anaangalia mikono.

Nikuambie kinachonitisha, maana wewe ndiye niliyekulea na sina mwingine wa kumwambia. Si maumivu. Juzi nilishindwa kufunga vifungo vya gauni langu mwenyewe. Nikakaa kitandani mgongo wazi, nikawaza kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa, mtu mzima anangoja mtu aje amvike. Naogopa hilo kuliko kaburi.

Usininunulie simu nyingine. Ile iliyozama kwenye karai ilitosha, na mikono hii haibonyezi kitu. Nitaandika polepole, basi litaleta.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi ni mzima, ila macho yanawasha kwa moto wa kuchomelea. Habari ya vifungo sikuweza kukaa nayo peke yangu. Nilimsimulia kila mtu hapa karakana, unisamehe.

Lakini kusimulia kumezaa jambo. Kuna fundi mwenzangu tunamwita Tingatinga. Mwaka jana mgongo na magoti vilimlaza, akawa anakuja kazini akiegemea ukuta. Sasa anabeba mlango wa chuma peke yake. Anatumia unga wa kutibu mifupa anaouziwa na jamaa mmoja anayepita getini kwetu kila Jumamosi. Jamaa anasema ni mizizi mitupu, hakuna kemikali hata chembe. Nimekununulia kopo kubwa, utalipokea kwenye basi pamoja na barua hii. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwenye maji ya vuguvugu. Vile vidonge vya zahanati vya kungoja miezi waachie wenyewe.

Sitaki mtu akuvike, Shangazi. Sitaki hata kuiwaza picha hiyo.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu, mwanangu tena,

Marahaba mara mia. U mzima? Mimi usiulize, au uliza basi, nipate la kusema. Vidole vimefunguka. Sikudanganyi, siku ya tatu niliamka nikajikuta nimeshika kikombe kabla sijakumbuka kwamba siwezi. Gauni nafunga mwenyewe mpaka kifungo cha juu. Ngazi nashuka kama msichana anayechelewa miadi. Bosi amerudi kukaa kwenye kiti chake.

Na nimenawiri. Uso umekuwa mviringo kama mwezi, mashavu yamejaa, kila anayekutana nami anasema mji umenikubali. Mama wa dukani ameniuliza nani ananitunza. Nimemjibu ninaye kijana anachomelea milango. Nakula hadi usiku, usingizi sina, nafikiri ni damu changa imerudi. Mikononi kuna alama za bluu nikigongwa kidogo tu, na miguu jioni inajaa kidogo, lakini hayo ni ya kawaida kwa mtu anayesimama kutwa.

Kopo nimegawana na Kimya nusu kwa nusu. Ningewezaje kupona peke yangu, naye anachechemea pembeni yangu? Naye sasa anatembea vizuri na kanenepa, hata binti yake anamtania. Vidonge vya zahanati viko kabatini, vinapumzika. Tuma kopo jingine, tena mwenye kutoa asichoke.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka.

Tingatinga ametapika damu leo asubuhi hapa karakana, mbele yangu, juu ya mlango tuliokuwa tunaupiga rangi. Tumemkimbiza hospitali. Sukari yake imepanda kupita kiasi na tumbo lina vidonda. Daktari alimwangalia usoni tu akauliza anakula dawa gani. Akasema uso ule wa mviringo hautokani na afya, unatokana na dawa. Ule unga una dawa kali ya hospitali imesagwa na kuchanganywa humo kwa siri. Sisi wote hapa tulikuwa tunamsifu jinsi alivyonawiri, na wewe umeniandikia maneno yale yale.

Mwaga unga wote, hata wa lile kopo la pili nililokutumia. Usiguse tena hata kijiko. Acha leo hii, Shangazi, nakuomba kwa jina la marehemu kaka yako.

Mwanao

14 Mei

Shangazi,

Soma barua hii ukiwa umesimama mlangoni, kisha uende hospitali. Salamu nitakupa baadaye.

Jana nilikwenda kumtazama Tingatinga. Daktari alikuwa kando ya kitanda, nikamweleza, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba nina shangazi yangu anakula unga huo huo na nimeshamwandikia aache mara moja. Nilidhani atanipongeza. Aliniuliza umekula kwa muda gani. Nikasema tangu mwisho wa Februari. Akaniuliza kama naweza kukupigia simu saa ile ile, pale pale.

"Mwili una dawa yake ya namna hiyo, unaitengeneza wenyewe," aliniambia. "Ukiupa ya nje kila siku, unaacha kutengeneza. Ukiikata ghafla, mtu anabaki hana ya nje wala ya ndani. Anachoka, anatapika, anaanguka. Wengine hawaamki."

Kwa hiyo nisikilize. Kama hujaacha, usiache mwenyewe. Kama umeacha, nenda hospitali leo hata kama unajiona mzima. Beba kopo. Waambie umekula unga kila siku na umeukata. Wao ndio watakaokupunguzia kidogo kidogo kwa vipimo vyao. Na Kimya uende naye.

Nimekimbia kituoni. Mvua imelichukua daraja, mabasi hayaendi. Nimempigia mama wa dukani kwenu, simu yake imezimwa tangu jana. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayezunguka kwa njia ya milimani. Ameapa ataileta mpaka mlangoni kwako, sijui atachukua muda gani.

Mkono uliokuandikia uache ni huu huu. Barua ile ilipanda basi la mwisho kabla ya daraja kuondoka. Nimekaa nikihesabu imefika lini, na kila nikihesabu naona imefika. Naogopa, Shangazi. Sijawahi kuogopa hivi.

Mwanao

18 Mei

Shangazi,

Shikamoo, popote ulipo. Sina jibu lako hata moja. Mama wa dukani bado hapatikani. Bosi amenikataza kushika mashine ya kuchomelea kwa sababu akili yangu haiko kazini, nafagia tu. Yule muuzaji alikuja getini Jumamosi na makopo yake, nikamfukuza kwa fimbo mpaka barabara kuu, na bado sikupata nafuu yoyote.

Watu wameanza kuvuka mto kwa miguu maji yakipungua. Keshokutwa nami navuka. Barua hii nampa mtu anayetangulia. Kama kuna mwingine anayeisoma badala yako, namwomba asiniandikie. Angoje nifike.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ni mimi ninayeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, basi pumua kwanza. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Barua yako ya kuacha unga ilifika kesho yake, kama ulivyohesabu. Niliisoma nikacheka. Nikasema moyoni, huyu tangu utotoni akiona kuku anakimbilia juu ya kiti kwa woga, leo kaona mgonjwa mmoja anataka nirudi kungoja kuvikwa. Jioni nikala kijiko changu kama kawaida, na asubuhi vilevile. Sikukusikiliza hata chembe. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na guu langu zima.

Lakini nilikuwa nimeisoma kwa sauti, mezani, tukipiga pasi. Barua zako zote namsomea Kimya, anazipenda kuliko redio. Aliisikiliza hii mpaka mwisho, akakunja shuka lake. Jioni akaenda kwake akaumwaga unga wote chooni, na kopo akaliosha. Mimi hakuniambia, wala sikumuuliza; nilikuja kusikia kwa binti yake tulipokuwa tunampeleka hospitali.

Siku mbili baadaye akawa anachoka. Anakaa chini kila baada ya shati moja. Nikamtania kwamba uvivu umemkuta uzeeni. Kesho yake akatapika, na siku iliyofuata hakuja kazini. Nilikwenda kwake nikiwa na maneno ya kumgombeza tayari mdomoni, nikamkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, baridi kama sufuria tupu.

Hapa hospitali daktari aliuliza anakula dawa gani. Binti yake akajibu: "Hatumii chochote, daktari. Ameacha dawa zote wiki hii." Alijibu kwa fahari, na mimi nikaunga mkono kwa kichwa. Hakuna aliyesema uongo. Wakamtundikia maji, wakatafuta homa, hawakuiona. Akaendelea kuzama mbele ya macho yetu, na sisi tumekaa pale tukiwa na jibu mifukoni bila kulijua.

Lori lako lilifika jana asubuhi. Nilisoma nimesimama mlangoni kama ulivyotaka, kisha nikakimbia na kopo langu. Najua magoti yaliyonikimbiza yalikuwa ya unga ule ule. Daktari alisoma barua yako mpaka nusu, akaita sindano kabla hajamaliza.

Nami wamenishika hapo hapo. Watanipunguzia kidogo kidogo, na nitarudi kwenye vidonge vilivyokuwa vinapumzika kabatini. Daktari hakunificha. Amesema viungo vitauma tena kabla ya kutulia. Amesema watu wengi wanaishi vizuri na ugonjwa huu, ila kwa kazi ya kila siku: maji ya moto asubuhi, vidole juu ya meza hata siku nisipotaka, kutembea bila kujikomoa, kupiga pasi nikiwa nimekaa, na gauni la zipu ya mbele. Nimemsikiliza huku nikijua saa yoyote ngumi zitaanza kujifunga tena. Naogopa hizo asubuhi, mwanangu, sitaki kukudanganya kwa utani.

Lakini zaidi ya hapo naogopa kile kitanda cha pili kutoka mlangoni. Tangu sindano ya jana hawajatuambia lolote. Binti yake ameacha kulia, na hilo linanitisha kuliko kilio. Ningekuwa mkaidi kwa sauti, ningebishana na barua yako mbele yake, huenda naye angesita. Nilicheka tu nikaiweka mfukoni.

Naitwa wodini. Ngoja.

Nimerudi. Kalamu imenianguka mara mbili, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mto ukikubali, vuka polepole, nitakuwa hapa hapa kwenye benchi.

Binti anakusalimu. Kimya naye amefungua macho, amekunywa maji, anakusalimu sana. Amenivuta mkono niiname, akaniuliza kama umeandika tena, na safari hii unasema tufanye nini.

Shangazi yako